Kodi ni ya mwenye nyumba, ushuru ni wa serikali: huduma ya ofisi moja Mombasa

Nilipohamishiwa Nakuru kikazi niliipangisha nyumba yangu ya Tudor, Mombasa, kwa shilingi 35,000 kwa mwezi, kisha nikaenda kwa washauri wa ushuru wenye ofisi ndogo karibu na Treasury Square, nikiamini kwamba kuhama kaunti kungebadilisha utaratibu wa kulipa. Bi aliyenihudumia alitabasamu. "Ndugu yangu, hata ukihamia Lodwar, PIN yako, namba ya mlipa ushuru, ni ile ile." Ushuru wa mapato ya nyumba ni wa serikali kuu popote unapoishi, kinachobaki kudaiwa na Kaunti ya Mombasa ni ada za ardhi.

Ushauri wenyewe uligharimu shilingi 3,000, na sijutii hata moja. Bi huyo aliomba hati yangu ya mshahara, akaona jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria kabisa: mwajiri alikuwa bado ananipunguzia ushuru kwa sababu ya riba ya mkopo wa nyumba, nafuu ambayo kikomo chake ni shilingi 30,000 kwa mwezi na ambayo sheria humpa mwenye kuishi mwenyewe katika nyumba aliyoikopea. Nilimwandikia mwajiri wiki hiyo hiyo aisimamishe.

Kisha alinieleza kwamba mwenye kupata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za makazi hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, bila kutoa gharama yoyote, isipokuwa akiomba kwa maandishi kutumia utaratibu wa kila mwaka, ambao gharama hutolewa kwanza. Mimi, kwa kuwa nina mkopo, nilitamani huo wa pili. Akapiga hesabu mbele yangu: kodi ya mwaka ni shilingi 420,000; nikitoa riba na matengenezo ya shilingi 270,000 hubaki 150,000, ambazo kwa mshahara wangu zingetozwa asilimia 30, yaani shilingi 45,000, ilhali asilimia 7.5 ni shilingi 31,500 tu. Mwenye riba kubwa kuliko yangu huenda akapata jibu tofauti, kwa hiyo nenda na karatasi za benki.

Huduma yao ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa za mapato, za kila mwezi, kwa shilingi 1,000, siipendekezi. Mwisho wa kulipa ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi wa pili wao waliwasilisha tarehe 23, faini ikaja kwa jina langu, na kijana wa mapokezi akaulaumu mtandao. Baada ya kuwapigia simu mara nne walikubali kulipa nusu ya faini.

Sasa naingia iTax, tovuti ya serikali ya ushuru, mwenyewe kutoka Nakuru. Hata mpangaji alipoondoka na nyumba ikakaa tupu mwezi mzima, niliwasilisha ritani ya sifuri kabla ya tarehe 20, nikiwa nasubiri chai.