Kitini cha saikolojia nilichonunua Mwanga: nimekitumia mhula mzima

Nafundisha darasa la kwanza hapa Ujiji. Mwezi wa pili nilinunua kitini cha utangulizi wa saikolojia kwenye steshenari moja pale Mwanga, shilingi 7,000, kwa ajili ya masomo yangu ya kujiendeleza. Kimenifaa darasani kuliko kwenye mtihani.

Sehemu ya Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, peke yake inarudisha hela yako. Inaeleza kwa Kiswahili kinachoingia kwamba mtoto ambaye hajafika miaka saba hivi huhukumu kwa jicho: kitu kikionekana kirefu, kwake kimeongezeka. Nikasema ngoja nijaribu kwa mawese, maana hayakosekani jikoni. Nikamwita binti wa dada yangu, ana miaka sita, nikamimina glasi mbili zinazofanana.

"Yanalingana?"

"Yanalingana, mama mdogo."

Nikachukua glasi moja nikaimiminia kwenye chupa ya soda, mawese yakapanda hadi karibu na shingo. "Na sasa?" Akatazama chupa, kisha akanitazama mimi usoni, ndipo akasema ya chupa ni mengi.

Kule kunitazama usoni hakukunitoka. Kitini kinaishia kwenye jibu la mtoto, na hapo ndipo ninapokilaumu. Mwaka 1974 watafiti Susan Rose na Marion Blank waliwapima watoto wa miaka sita kwa safu za vitu vya kuhesabu, wakaona kwamba wanaoulizwa mara moja tu kama safu zinalingana, baada ya safu moja kupangwa upya, hukosea kidogo kuliko wanaoulizwa kabla na baada. Mtu mzima akirudia swali lile lile, mtoto anaelewa kuwa jibu lake la kwanza limekataliwa. Sisi walimu tunalijua hili kila siku: mwambie mtoto "hebu sema tena" uone anavyobadilisha hata alichopatia!

Nikamjaribu mtoto wa jirani, rika lile lile, kwa swali moja tu la mwisho. Alipatia. Mtoto mmoja hathibitishi kitu, lakini tangu siku hiyo nikirudia swali darasani namwambia kwanza mwanafunzi kwamba jibu lake nimelisikia na halina kosa, nataka tu wenzake nao walisikie.

Pavlov (yule wa mbwa kudondokwa mate) na Ebbinghaus (wa kumbukumbu na kusahau) wameelezwa vizuri, sina neno. Kwa Milgram, aliyepima watu watatii hadi wapi wakiamriwa kumpiga mwenzao umeme, kuwa mwangalifu. Kitini kinasema washiriki wote walifika volti 450. Si kweli: katika jaribio lake la kwanza lililochapishwa, la Chuo Kikuu cha Yale, walikuwa 26 kati ya 40, na yule aliyedhaniwa anapigwa umeme hakupigwa kweli, alikuwa akiigiza. Kuhusu gereza la kuigiza la Stanford la 1971, ambamo wanafunzi waligawanywa kuwa wafungwa na askari, kimesahau kutaja kwamba Zimbardo, mtafiti mwenyewe, ndiye aliyekuwa mkuu wa gereza, jambo ambalo mimi naliona zito kuliko mengine yote waliyoandika pale.

Ukienda kununua, omba nakala iliyobandikwa gundi. Yangu ni ya stepla, na kurasa za Piaget zimeshachomoka.