Prado ya zamani, mawe ya Mwanza: uanze kununua nini?

Kama safari zako zote ni lami, kutoka Nyakato hadi mjini na kurudi, weka pesa yako. Nawaandikia waliojenga juu ya mawe na wale ambao kila wiki wanaingia vijijini Kwimba au Sengerema wakiwa na Prado 90, ile ya 1996 hadi 2002. Huku kuna mawe, na kuna mbuga, udongo mweusi ambao ukishanyeshewa unang'ang'ania tairi kama ugali wa muhogo.

Jambo moja wauzaji wengi hawakuelezi: springi ndefu hainyanyui difu ya nyuma, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, hata kidogo. Inanyanyua bodi na chesesi. Difu imefungwa kwenye ekseli, na ekseli inapandishwa na tairi peke yake. Kwa hiyo naanza na tairi.

Chaguo la kwanza: tairi la saizi 265/75R16 aina ya A/T, yaani la lami na vumbi. Nyingi za Prado hizi zilikuja na 265/70R16, yenye kipenyo cha milimita 777 hivi. Hii ina 804, kwa hiyo difu inapanda kama milimita 13. Ni kidogo, lakini ndiyo nafasi pekee unayoongeza chini ya difu. Mara nyingi inaingia bila kuinua gari, ila inaweza kugusa plastiki ya madigadi. Kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili ukiwa hapohapo dukani, kabla ya kulipa. Spidi mita ikisoma 80, wewe uko kwenye 83.

M/T, yaani tairi la matope lenye meno makubwa, inajisafisha vizuri zaidi kwenye mbuga, lakini inapiga kelele na haishiki vizuri kwenye lami yenye maji. Kwa mtu anayekwenda Shinyanga leo na shamba kesho, A/T inatosha.

Nunua matano, si manne. Prado nyingi za 90 zinaendesha magurudumu yote manne muda wote, na tairi la spea lenye kipenyo tofauti linaitesa difu ya katikati siku utakapolifunga. Kisha soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yenye kashata (meno ya tairi) nzuri yanavutia macho, lakini mpira uliozeeka umekauka, na jiwe kali linaupasua ubavu. Mimi siyanunui tena, hata kwa bei ya kutupwa.

La pili: springi na shokapu mpya, za kuinua milimita 40 hadi 50. Gari la miaka 25 limeshalala. Kabla ya kununua seti, mwambie fundi akague bushi na bolijointi; zikiwa zimekwisha, pesa ya kwanza iende huko. Chagua springi kwa mzigo unaobeba kweli. Springi ya mizigo mizito kwenye gari tupu itakurusha njia nzima. Na usipite 50: pembe ya draivu shafti za mbele inazidi, buti zinachanika, mchanga unaingia. Paipu za breki za nyuma zikaguliwe zisivutike gari likining'inia, halafu piga alaimenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo.

La tatu: spesa, kipande kinachowekwa juu ya shokapu ili kuinua gari. Ni rahisi, na hapa ndipo nilipoumia. Gereji moja ilinifungia spesa nene juu ya shokapu za mbele, fundi akiamini unene wake ndio kimo kitakachoongezeka. Kwenye mkono wa mbele wa Prado, spesa ya juu huinua gari karibu mara mbili ya unene wake. Alaimenti haikupigwa. Matairi mapya yalilika upande mmoja mpaka waya zikaonekana. Ukilazimika kuziweka, zisizidi milimita 25, na shokapu zako ziwe bado nzima.

La mwisho: 285/75R16. Kipenyo ni 834. Spidi mita inadanganya kwa asilimia 7, itabidi ukate madigadi, na mlango wa nyuma unabeba spea nzito kwenye bawaba zilizochoka. Kwa wenye dizeli ya 1KZ-TE naogopa zaidi joto: tairi kubwa, mlima wa Bugando, rejeta iliyoziba, na silinda hedi ya injini hii inajulikana kwa kupasuka ikichemka. Safisha rejeta kwanza, hata ukichukua lile dogo.

Kuinua bodi peke yake kutoka kwenye chesesi hakupati nafasi yoyote kwenye orodha hii.

Ukishafunga vitu vyako, tembea kilomita 500 kwa njia zako za kawaida, kisha rudi gereji: nati zote za mikono na springi zikazwe upya, na alaimenti ipigwe mara ya pili, maana springi mpya zitakuwa zimekaa chini kidogo.