Have I Been Pwned: kipimo cha bure kwa biashara ndogo

Mwizi wa mtandaoni hahitaji kukujua ili akuibie. Anataka pesa, na njia yake rahisi ni kuchukua orodha za barua pepe na nywila zilizovuja kwingine, kisha kuiachia programu izijaribu kwenye Gmail, Facebook na akaunti za biashara. Nywila inayotumika sehemu mbili ndiyo mlango wake.

Hapo ndipo tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, inapofaa sana. Andika barua pepe ya duka, ya mhasibu, na ya kila anayeshika akaunti. Itaonyesha zilivuja wapi, lini, na nini kilichukuliwa. Jisajili upate taarifa uvujaji mpya ukitokea.

Kipimo chake cha nywila, unapoandika nywila yenyewe uone kama imewahi kuvuja, huogopesha wengi, na wana haki. Lakini nywila haisafiri: kivinjari huigeuza kuwa msimbo wa herufi na tarakimu 40, hutuma 5 za mwanzo tu, na ulinganisho na zilizovuja hufanyika kwenye kifaa chako.

Udhaifu wake ni kwamba haijui uvujaji ambao haujaifikia, kwa hiyo jibu safi si kinga. Wala haimzuii tapeli anayepiga simu kuomba PIN ya M-Pesa.

Ukijikuta humo, anza kubadilisha nywila ya barua pepe, maana ndiyo inayofungua nyingine zote. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na msimbo wa muda, na msimbo huo utoke kwenye programu ya simu badala ya SMS. Laini za simu huibwa.