Boti ya faiba imepauka: upige polishi au upake rangi?

Pitisha kiganja ubavuni mwa boti. Kikitoka na unga mweupe kama chaki, jua limeshakula jelikoti, lile gamba la juu linalong'aa. Hapo ndipo ubishi huanza.

Polishi ni nafuu: msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kompaundi (krimu ya kusugulia) kwa mashine, mwisho nta. Boti inarudi majini upesi. Ila nta haidumu kwa jua letu la pwani. Baada ya miezi michache unarudia, na kila msasa unapunguza gamba ambalo unene wake ni kama nusu milimita tu. Ukianza kuona nyuzi za faiba, umepitiliza.

Rangi ya poliurethani ya makopo mawili (rangi na kigumishi chake, huchanganywa kabla ya kupaka) hung'aa miaka kadhaa bila nta. Inayouma ni gharama: praima (rangi ya msingi), fundi wa kupuliza, na barakoa ya kweli (si kitambaa!), maana mvuke wake ni sumu. Tena ikikwaruzwa, kiraka huonekana.

Boti ya watalii inayogusa gati kila siku, mimi ningeipiga polishi, ilimradi gamba bado lipo. Likishakwisha, polishi ni kupoteza jasho.