Disku za kwanza za mashindano: mpangilio wa kununua kwa mchezaji wa Tanga

Kwenye gofu ya disku unahesabu mitupo kutoka eneo la kuanzia hadi disku itulie kwenye kikapu chenye minyororo, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Wengi wanaoanza kushindana hukimbilia disku ya kwenda mbali. Sisi tumeupanga ununuzi kinyume: kila shimo, yaani njia moja kutoka eneo la kuanzia hadi kikapu chake, refu kwa fupi, humalizikia karibu na kikapu, na hapo ndipo mgeni hupoteza mitupo mingi.

1. Disku mbili za kumalizia, za aina moja

Hizi zina ukingo butu, huenda polepole na hazipiti mbali zikikosa. Innova Aviar ina namba 2/3/0/1, Dynamic Discs Judge ina 2/4/0/1. Namba hizo ni mwendo, kuelea, kugeuka na kukata. Kwa anayetumia mkono wa kulia na kutupa kwa kuzungusha mkono kutoka upande wa kushoto, namba ya tatu ikiwa hasi disku huenda kulia ingali na kasi. Ya nne huonyesha itakavyokata kushoto kasi ikiisha.

Chagua gramu 170 hadi 175, plastiki ya bei ya chini. Plastiki hiyo haitelezi sana mkono ukiwa na jasho, na disku ya kumalizia haigongi vitu kwa nguvu kiasi cha kuhitaji ngumu zaidi.

Sasa upepo. Ukisimama Raskazone, ufukweni Tanga, kusi likivuma, disku inayoelekezwa kwenye upepo hugeuka kulia zaidi ya namba zake na hupanda. Upepo ukitoka mgongoni hudondoka mapema na kukata zaidi. Kwa hiyo namba ya pili ikiwa kubwa, upepo nao una pa kushika. Kwa ufukweni tunaiweka Aviar mbele ya Judge. Nunua mbili zinazofanana ili mkono uzoee kitu kimoja: moja ikipotea, nyingine iko mfukoni, hujifunzi upya.

2. Disku moja ya masafa ya kati

Discraft Buzzz, 5/4/-1/1, gramu 170 na kuendelea. Ndiyo utakayoitupa mara nyingi kuliko zote, basi hapa lipia plastiki ngumu. Ya bei ya chini ikigonga shina la mnazi au mkorosho mara kadhaa, ukingo hupata makovu na disku huanza kugeuka kulia kuliko ilivyokuwa mpya. Innova Mako3, 5/5/0/0, inanyooka vizuri sana siku tulivu, ila upepo wa bahari huisumbua.

3. Disku ya mwendo wa wastani

Kama mtupo wako bado haufiki mita 60, chukua Innova Leopard, 6/5/-2/1, gramu 165 hadi 170. Dhidi ya kusi kali itapinduka na kubiringika, hivyo shimo linalotazama upepo litupie Buzzz. Ukivuka mita 70 kwa uhakika, ongeza Innova Teebird, 7/5/0/2.

4. Seti ya disku tatu za kuanzia

Ni nafuu kuliko kununua moja moja, na inamfaa ambaye hajaamua kushindana. Kasoro ni mbili: disku ya kumalizia huwa moja tu, na seti nyingi huwa na disku nyepesi. Uliza uzito kabla ya kulipa. Gramu 150 na kitu zinamfaa mtoto, pwani hupeperushwa.

5. Disku ya masafa marefu

Iache. Innova Destroyer, 12/5/-1/3, inahitaji mkono wenye kasi kubwa. Bila kasi hiyo inakata kushoto mapema, na wewe unaanza kupinda kifundo cha mkono kuirekebisha. Tabia hiyo kuiondoa baadaye ni kazi kubwa.

Frisbi ya kuchezea ufukweni haimo kwenye orodha yetu. Mashindano ya PDGA, chama kinachosimamia kanuni za gofu ya disku, yanataka disku zilizoidhinishwa.

Nunua pia disku ndogo ya kuwekea alama pale disku yako ilipotua, ya upana wa sentimita 7 hadi 15. Ndani ya mita 10 kutoka kikapuni lazima uonyeshe umetulia nyuma ya alama baada ya kutupa, ndipo usogee mbele. Andika alama yako ya utambulisho kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kila disku. Kanuni zinadai hivyo. Disku iliyopasuka hairuhusiwi hata kama bado inapaa. Beba taulo mbili, moja ya mkono na moja ya disku, kwa kuwa mchanga ukiingia ndani ya ukingo disku huchomoka kabla ya wakati. Mfuko wowote imara unatosha.

Ukiagiza nje, weka usafiri na ushuru kwenye hesabu tangu mwanzo. Kuagiza pamoja watu watatu au wanne hupunguza mzigo. Zikifika, soma uzito ulioandikwa chini, pitisha kidole gumba ukingo mzima kutafuta ufa, kisha zilaze juu ya meza ya kioo. Inayoyumba imepinda njiani kwa joto: itie kwenye maji ya moto, si ya kuchemka, inyooshe kwa mkono na uiache ipoe ikiwa imelala bapa. Na usiziache ndani ya gari lililofungwa juani, zitapinda tena.