FreeDOS 1.4 kwenye kompyuta za mtumba: mfumo hauna neno, kazi ipo kwenye mashine

Arusha na Moshi bado kuna maduka ya vipuri, karakana na ofisi ndogo ambazo hesabu zake zimo kwenye programu ya miaka ya tisini iliyoandikwa kwa ajili ya DOS, mfumo uliotangulia Windows. Stoo imo humo, wadaiwa wamo humo, na aliyeiandika hapatikani tena. Kompyuta yake ikifa, programu ihamie wapi? Sisi tunasema FreeDOS 1.4, mfumo endeshi unaoendesha programu za DOS, iliyotoka tarehe 5 Aprili 2025, na kwa kazi ya namna hiyo tunaipendekeza bila kusita. Anayetaka kompyuta ya kila siku, ya kuingilia mtandaoni na kuangalia mpira, apite tu.

Mfumo huu ni wa bure chini ya leseni ya GNU GPL, kwa hiyo fundi anaweza kumwekea mteja bila kuvizia. MS-DOS 6.22 ya Microsoft inayozunguka kwenye flashi za mafundi haina ruhusa hiyo. Microsoft imeachia msimbo wa matoleo ya 1.25 na 2.0 mwaka 2018, na wa 4.00 mwaka 2024, si wa 6.22.

Umri wake unasema mengi. Jim Hall, wakati huo mwanafunzi wa fizikia huko Marekani, aliutangaza mradi tarehe 29 Juni 1994, Microsoft ilipokwisha kuonyesha kuwa siku za MS-DOS zinahesabika. Pat Villani akaleta keneli, yaani kiini cha mfumo, aliyokwisha kuiandika, Tim Norman akashughulikia kipokea amri, yaani COMMAND.COM. Toleo la 1.0 lilifika Septemba 2006, miaka kumi na miwili baadaye. Likafuata 1.1 mwaka 2012, 1.2 mwaka 2016, 1.3 mwaka 2022. Mwendo wa kinyonga, lakini hakuna aliyekimbia.

Kinachoiweka hai ni kwamba kila kipande kina mwenyewe. JEMMEX na HIMEMX, zinazosimamia kumbukumbu, zinatunzwa na mtu anayejulikana kwa jina moja tu, Japheth. Programu za mtandao za mTCP ni za Michael Brutman. Kisakinishi kimebebwa na Jerome Shidel. Kila mmoja hutoa toleo jipya anapokuwa tayari, na kipande huja kama kifurushi cha ZIP. Kwa mtumiaji faida ni kubwa: kipande kimoja kikisumbua, unabadilisha hicho hicho kwa FDIMPLES, programu ya kusimamia vifurushi, huhitaji kusakinisha upya mfumo mzima. Ukitaka kusaidiwa, mwandikie mwenye kipande chake, na usiseme "haifanyi kazi" halafu ukanyamaza. Peleka matokeo ya VER /R (toleo la mfumo) na MEM /C (matumizi ya kumbukumbu), aina ya prosesa, na faili lako zima la kusetia, FDCONFIG.SYS. Watu hawa hujibu, tena kwa undani, ila hawapigi ramli.

Sasa mashine, maana hapa ndipo pesa hupotea. FreeDOS inataka BIOS ya zamani, ile programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine. Kompyuta mpya zenye UEFI (mrithi wa BIOS) peke yake, zisizo na hali ya CSM ya kuiga BIOS ya zamani, haziiwashi kabisa, hata uzibembeleze vipi. Tafuta Pentium III, Pentium 4 au Core 2 Duo yenye poti ya printa ya pini 25 kwenye madabodi yenyewe. Kabla ya kuichomeka ukutani, geuza nyuma ya pawa sapulai uangalie swichi nyekundu. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115, na umeme wetu ni 230. Katika hali ya 115 pawa sapulai huuzidisha umeme mara mbili kwa kapasita mbili, kila moja ikiwa ya volti 200 hivi. Ukiipa 230, kila kapasita inapata zaidi ya volti 300, na utasikia mlio kabla hujaona moshi. Zisizo na swichi kwa kawaida hujirekebisha zenyewe, lakini soma lebo.

Fungua kasha. Vumbi la mtaa wa Unga Limited, Arusha, likishaganda kwenye feni ya prosesa huwa kama blanketi, litoe kwa brashi na hewa ya kompresa huku umeishika feni isizunguke. Angalia kapasita zilizo karibu na prosesa, hasa kwenye madabodi za kati ya 2000 na 2006. Iliyovimba kichwani au kutoa uchafu wa kahawia imekwisha. Weka yenye µF ileile, volti ileile au zaidi, ya nyuzi 105, aina ya ESR ndogo, yaani yenye ukinzani mdogo wa ndani. Ya kawaida iliyong'olewa kwenye redio haitadumu. Betri ya CR2032 badilisha tu bila kujadili. Kwenye bodi za prosesa ya 486 na za nyuma yake unaweza kukuta betri ya pipa ya Ni-Cd imelehemewa. Hiyo ing'oe hata kama inaonekana nzima, kwa sababu maji yake hula nyaya za bodi. Pale yalipokwisha kuvuja, pitisha siki kidogo kwa mswaki, kisha maji safi, kisha spiriti ya isopropili, na uache ikauke kabisa.

Diski ya zamani inayozunguka usiiamini. Adapta ya kuunganisha kadi ya CompactFlash kwenye waya wa IDE wa pini 40 ni ya bei ndogo na haina kinachozunguka. Usinunue kadi kubwa kwa sifa. BIOS nyingine zinakwama kwenye 504 MB, nyingine kwenye 8.4 GB, nyingine zinaganda zikikutana na zaidi ya 32 GB. Kadi ya 4 GB inatosha programu yoyote ya DOS utakayowahi kukutana nayo.

Kusakinisha ni kwepesi. Kuna LiveCD kwa mashine nyingi, LegacyCD kwa zile zinazoikataa LiveCD, FullUSB na LiteUSB kwa zinazowaka kwa flashi, na toleo la flopi kwa wazee. Faili la .img liandike kwenye flashi kwa Rufus au kwa dd. Ukilikopi kama picha au muziki, mashine haitawaka. Angalizo moja: ukiwasha kwa flashi, BIOS huweza kuihesabu flashi kuwa diski ya kwanza, hivyo C: ikawa flashi na diski ya ndani ikawa D:. Kabla ya kufomati chochote, chapa FDISK /INFO na usome ukubwa. Ukishagawa diski ni lazima kuwasha upya ndipo kufomati kufanyike. Baada ya hapo chagua "Plain DOS system". Ule usakinishaji kamili unaleta michezo na mambo mengine ambayo duka halina haja nayo. Mashine ikigoma kuwaka yenyewe mwishoni, mara nyingi kizigeu, yaani sehemu ya diski uliyoigawa, hakijawekwa kuwa "active". Rudi FDISK ukiweke, kisha FDISK /MBR na SYS C:.

Hapo mfumo umeshakaa, na programu ya duka ndiyo itaanza kulalamika. Mafaili ya kusetia yapo mawili, FDCONFIG.SYS na FDAUTO.BAT. Wengi huhariri CONFIG.SYS waliyoizoea halafu hakuna kinachobadilika: FDCONFIG.SYS ikiwepo, ile nyingine haisomwi.

Programu zilizoandikwa kwa Clipper, lugha ya hifadhidata ya enzi za DOS, hufungua mafaili mengi kwa wakati mmoja, kila faharasa na faili lake, na zikizidi kikomo hutupa "DOS Error 4". Kwenye FDCONFIG.SYS tafuta mstari wa FILES uupandishe uwe 120, kisha kwenye FDAUTO.BAT ongeza SET CLIPPER=F:100. Moja bila nyingine haisaidii. Tarehe ikija mwezi mbele ya siku, weka kwenye FDCONFIG.SYS COUNTRY=044,437,C:\FREEDOS\BIN\COUNTRY.SYS, ambayo ni mpangilio wa Uingereza unaolingana na wetu. Ukurasa wa herufi 437 unatosha, Kiswahili hakina herufi zenye alama juu. Kibodi ya mtumba ni jambo jingine: iliyotoka Ujerumani ina Z na Y zilizobadilishana, na KEYB GR inaiweka sawa, ya Uingereza ni KEYB UK.

"Runtime error 200" ndiyo inayotisha watu zaidi, hudhani faili limeoza. Hapana. Programu zilizotengenezwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu, zikitumia kitengo chake cha skrini kiitwacho CRT huhesabu zinapoanza ni mizunguko mingapi prosesa inamaliza katika mpigo mmoja wa saa, karibu milisekunde 55, kisha hugawa kwa 55. Kwenye prosesa ya kasi jibu linazidi 65,535, haliingii kwenye nafasi ya biti 16, na prosesa inaripoti kosa lilelile la kugawa kwa sifuri. Kuna programu ndogo, TPPATCH, inayorekebisha faili la programu, EXE, lenyewe. Fanya hivyo kwenye nakala, usiguse faili la asili.

Mashine ikiganda mara tu baada ya menyu ya kuwasha, jaribu chaguo la "Safe Mode". Likiwaka, tatizo ni kumbukumbu: kwenye mstari wa JEMMEX ondoa I=TEST, kwa sababu neno hilo hukamata sehemu za juu za kumbukumbu ambazo BIOS nyingine inazitumia kwa kibodi ya USB. Bado utabaki na zaidi ya 600K za kawaida, nyingi kuliko programu hizo zinavyohitaji. Na usisahau FDAPM APMDOS kwenye FDAUTO.BAT. DOS ikiwa haina kazi huzungusha prosesa mfululizo kwa nguvu zote. Amri hiyo huipumzisha, na kwenye joto la Moshi la Januari tofauti unaisikia kwa mkono juu ya kasha.

Printa. Za kugonga zenye utepe, mfano Epson LX-300, hazina mjadala: ECHO HABARI > LPT1 na karatasi inasogea. BIOS iwe na poti 378 na IRQ 7. Waya wa kubadilisha USB kuwa poti ya printa hautafanya kazi, kwa kuwa DOS haiioni hiyo poti kabisa, na muuzaji atakuapia kwamba inafanya. Kadi ya PCI yenye poti ya printa inawezekana, ila hukaa kwenye anwani ya ajabu ambayo BIOS haijaiandika. Ikiwa anwani yake ni D010, fungua DEBUG uchape e 40:8 10 d0, baiti ya chini ikitangulia, kisha q. Ni lazima irudiwe kila ukiwasha, na programu iliyozoea kuandika moja kwa moja kwenye 378 haitajali ulichofanya. Ndiyo maana tumesisitiza poti ya kwenye madabodi.

Mtandao ni wa waya tu, wifi sahau. Kadi ya PCI yenye chipu ya RTL8139 inapatikana kwa mafundi wengi na hutumia draiva ya RTSPKT 0x60. Tengeneza faili C:\MTCP.CFG lenye mistari miwili, PACKETINT 0x60 na HOSTNAME DUKA, kisha SET MTCPCFG=C:\MTCP.CFG, chomeka waya kwenye ruta na uite DHCP. Faili hilo lisiwe la kusomwa tu, maana DHCP huandika anwani ndani yake. Baada ya hapo FTPSRV, seva ya mafaili ya mTCP, inakuwezesha kuchukua data kwa laptopu bila kugusa mashine ya duka. Saa unaiweka kwa SET TZ=EAT-3 na SNTP -set pool.ntp.org, alama ya kutoa hapo si kosa, ndivyo inavyoandikwa kwa nchi zilizo mashariki ya Greenwich. mTCP haijui HTTPS, kwa hiyo usitegemee kuvinjari.

USB ndiyo udhaifu mkubwa wa FreeDOS kwetu. Flashi huonekana tu ikiwa ilichomekwa kabla ya kuwasha na BIOS ikaikubali, na usiichomoe katikati. Iwe FAT32. Flashi za 64 GB na kuendelea huja na exFAT, na NTFS nayo haisomeki. Windows 3.1 inakwenda kwa WIN /S, lakini hali ya 386 Enhanced usiahidi mtu.

Nakala ya akiba fanya ya kadi nzima. Zima mashine, itoe CompactFlash, iweke kwenye kisomaji cha laptopu ya Linux, hakikisha jina la diski kwa lsblk, kisha dd if=/dev/sdb of=duka.img bs=4M. Andika picha hiyo kwenye kadi ya pili, ambayo isiwe ndogo kuliko ya kwanza hata kwa megabaiti chache: kadi mbili zote zikiandikwa 4 GB si lazima zilingane. Kisha iwashe mashine kwa hiyo ya pili, ufungue programu ya duka na uchapishe risiti moja, ndipo uiweke kabatini.