Klabu ya usomaji kwa waandishi, Dodoma: kurasa sita, penseli na hesabu ya vitenzi

Anayekwenda kwenye klabu hii ya Area C akitarajia kusimuliwa kitabu atachoka mapema. Hakuna anayeuliza kama riwaya ilikupendeza. Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na nusu watu wako juu ya kurasa sita tu, na swali ni moja: mwandishi kafanyaje?

Kurasa hizo husomwa mara tatu. Kwanza kimya, bila penseli. Mara ya pili ndipo alama zinawekwa: mstari chini ya vitenzi, duara pale wakati unaporuka, nyota panapoanza mazungumzo. Mara ya tatu mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanatia mkwaju (/) kila anapovuta pumzi. Sentensi iliyojaa mikwaju inajulikana hapo hapo.

Zoezi lao bora ni la vitenzi. Hesabu -li-, -ka- na -ki- katika ukurasa mmoja. Masimulizi hufunguliwa na -li-, kisha -ka- inavuta msururu: alifika, akabisha, akaingia. Mwandishi mchanga huiendeleza -ka- hiyo ukurasa mzima, hadi kufungua mlango na kufiwa vinakuwa na uzito mmoja. Mzoefu huikatiza. Hurudi kwenye -li- anapotaka msomaji asimame, au huweka -ki- ili jambo moja liendelee nyuma ya lingine. Baada ya hesabu, kila mmoja anaandika aya ya maneno 150 kwa mpangilio uleule wa sentensi, kisa kiwe kingine kabisa. Wengi huishia kuiga msamiati na kuacha mpangilio. Kiongozi huwakamata kwa kuuliza sentensi ya tatu ina kazi gani.

Upande wa nafsi ya msimulizi wamechagua vizuri: Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), zote za Euphrase Kezilahabi. Ya kwanza inasimuliwa kwa nafsi ya tatu. Katika ya pili Kazimoto anasimulia mwenyewe. Kazi ni kuuhamishia ukurasa wa Kichwamaji kwenye nafsi ya tatu. Kugeuza ni- kuwa a- ni dakika tano. Ugumu unakuja unapogundua kuwa hukumu za Kazimoto juu ya watu zimebaki hazina mwenyewe. Uzifute? Umpe mhusika azitamke? Azibebe msimulizi? Mjadala huo pekee unatosha kumtoa mtu nyumbani Jumamosi.

Kinachoiangusha klabu ni mazoea ya shuleni. Fani na maudhui, mhusika bapa, mhusika duara, dhamira, ujumbe: mtu akishatamka “taswira” anadhani kamaliza, ilhali hajaonyesha imewekwa kabla au baada ya kitendo, wala kingeharibika nini ikihamishwa. Kiongozi mpole huachia, na kikao kinageuka kipindi cha Kiswahili cha kidato cha sita.

Idadi nayo inaumiza. Aya ya mwanachama inahitaji robo saa, kwa hiyo watu wanane ni saa mbili kamili. Wakifika kumi na wawili, wa mwisho husomewa huku viti vinapangwa. Fotokopi zao mara nyingine hukata mstari wa chini. Kwa zoezi la kuhesabu vitenzi hilo si dogo, kagua zako kabla ya kuanza.

Na ajabu ni kwamba Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma hii hii na bingwa wa ngonjera, hayumo kwenye orodha yao. Mistari ya mizani 16, nane kwa nane, yenye watu wanaojibizana, ingewafaa sana hawa waandishi wa riwaya ambao wahusika wao husalimiana nusu ukurasa.

Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, fotokopi humo humo. Penseli na kifutio njoo navyo. Mwenye muswada mzima unaotaka mhariri hapatamfaa; mwenye hadithi fupi tatu nne zilizogoma kumalizika atapata kazi ya kufanya.